Alan Freed: Mtangazaji wa Kizazi Kipya

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Marekani ilishuhudia kuchipuka kwa kizazi cha vijana waliokuwa na fedha za matumizi, redio na hamu ya utamaduni usiokuwa wa wazazi wao. Miongoni mwa waliokitambua kizazi hicho mapema ni Alan Freed.

Freed alizaliwa tarehe 15 Desemba 1921 katika jimbo la Pennsylvania, akalelewa mjini Salem, Ohio. Mnamo 1951, akiwa katika kituo cha WJW jijini Cleveland, alidokezewa na Leo Mintz, mwuza santuri, kuwa vijana wa Kizungu walikuwa wakinunua muziki wa Wamarekani Weusi. Wakati huo ubaguzi ulitenga hata nyimbo. Freed aliupiga muziki huo kila usiku na kuueneza kwa jina la rock and roll. Jina hilo hakulibuni. Lilikuwamo tayari katika nyimbo za Weusi.

Tarehe 21 Machi 1952 tamasha lake katika ukumbi wa Cleveland Arena lilifurika watu hata likasitishwa. Mwaka 1954 alihamia New York, ambako vijana Weusi kwa Weupe walihudhuria maonyesho yake pamoja. Wakubwa wengi walikereka. Mnamo 1957 kipindi chake cha televisheni kilifutwa muda mfupi baada ya Frankie Lymon, mwimbaji Mweusi, kuonekana akicheza dansi na msichana wa Kizungu.

Hata hivyo, Freed hakuwa malaika. Jina lake liliandikwa miongoni mwa watunzi wa "Maybellene", wimbo wa Chuck Berry wa 1955, hivyo akapata fungu la mapato ya msanii aliyemtangaza. Ngoma ikilia sana hupasuka. Mwaka 1959, kashfa ya watangazaji kuhongwa na kampuni za santuri ilipozuka, alikataa kutia sahihi tamko la kujitakasa, akafutwa kazi. Mnamo 1962 alikiri makosa mawili ya hongo, akatozwa faini ya dola 300.

Alifariki Palm Springs, California, tarehe 20 Januari 1965, akiwa na umri wa miaka 43. Sheria za ubaguzi zilikuwa zimeanza kuporomoka, lakini vijana walikuwa wamekwisha kucheza ngoma moja miaka kumi kabla.