Horace Tabor: Tajiri wa Leadville aliyedhani fedha ni fedha

Wadau, leo twende Marekani kidogo, jimbo la Colorado, kwenye mji mdogo unaoitwa Leadville. Uko juu milimani, kama mita 3,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa wapenzi wa riadha, Iten wanakojifua wakimbiaji wa Kenya ni kama mita 2,400 tu. Leadville maana yake ni mji wa risasi, yaani risasi ya madini, siyo ya bunduki, ingawa hizo za bunduki nazo hazikukosekana. Lakini kilichoujenga mji ni fedha. Na jina ambalo halitengani na mji huo ni la Horace Tabor (jamani msimchanganye na Tabora yetu).

Jamaa alizaliwa mwaka 1830 huko Vermont, fundi wa kuchonga mawe. Mwaka 1857 akamwoa Augusta, binti wa bosi wake. Wakajaribu kilimo Kansas, mambo yakagoma. Mwaka 1859 zikavuma habari za dhahabu Colorado, wakafunga mizigo, mtoto mdogo mgongoni, wakaondoka. Mwaka uliofuata wakafika kwenye bonde la California Gulch, jirani kabisa na palipo Leadville sasa.

Tabor akawa anachimba, lakini riziki ya nyumba ile alikuwa anaileta Augusta. Alipikia wachimbaji, alipokea wapangaji, alihudumia barua, na alipima vumbi la dhahabu kwenye mizani. Kwa lugha yetu, huyu alikuwa mama ntilie aliyechanganya na posta na benki. Wakafungua duka. Maisha yakaenda hivyo miaka mingi tu, bila umaarufu wowote.

Sasa sikilizeni hii. Dhahabu ya pale haikudumu. Tena wachimbaji walikuwa wanaulaani mchanga mmoja mweusi, mzito, uliokuwa unaziba vifaa vyao vya kuoshea dhahabu. Waliutupa pembeni mwaka hadi mwaka. Katikati ya miaka ya 1870 wajanja wawili wakaupeleka kupimwa, kumbe ni risasi iliyojaa fedha! Watu walikuwa wanatupa utajiri kwa beleshi kwa zaidi ya miaka kumi, na Tabor mwenyewe akiwemo.

Habari zilipovuja watu wakamiminika. Mwaka 1878 mji ukapewa jina la Leadville na Tabor, mzee wa duka, akawa meya. Mwaka huohuo wakaingia dukani kwake Wajerumani wawili, August Rische na George Hook, mafundi viatu waliokuwa wamejiingiza kwenye kutafuta madini. Hawana kitu. Tabor akawapa chakula na vifaa vya kama dola 17 kwa makubaliano kwamba wakipata chochote, theluthi moja ni yake. Wale wa Mererani hawahitaji kufundishwa mfumo huu, mfadhili anatoa msosi, mchimbaji anatoa jasho, mkipata mnagawana. Wakachimba, wakagonga mwamba wa fedha. Mgodi ukaitwa Little Pittsburg, na mwaka 1879 Tabor akauza sehemu yake kwa dola milioni moja.

Kuanzia hapo bahati ikawa inamfuata hata akikosea. Inasimuliwa kwamba tapeli mmoja alitupia mawe yenye fedha kwenye shimo tupu kisha akamuuzia. Mji mzima ukacheka. Tabor akaamuru vijana waendelee kushuka chini, wakakuta fedha kweli. Sina hakika kama kila kipande cha kisa hiki ni cha kweli, maana watu wa migodini kwa chumvi hawajambo, lakini ndivyo mji ulivyomwona. Mwaka 1879 akanunua mgodi wa Matchless kwa dola 117,000, na huo ndio uliommwagia mkwanja miaka iliyofuata. Akajenga jumba la opera Leadville, likafunguliwa Novemba 1879, siku zilezile ambazo raia wenye hasira waliwanyonga watu wawili mtaani bila hukumu. Mwaka 1882 mwandishi Oscar Wilde alihutubia humo. Tabor akawa pia naibu gavana wa Colorado.

Sensa ya 1880 ilikuta karibu watu 15,000 mjini. Na hapa ndipo mimi nampunguzia Tabor maksi. Mwezi Mei mwaka huo wachimbaji waligoma, wakitaka malipo yapande kutoka dola 3 hadi dola 4 kwa siku, na kazi iwe saa nane. Wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, nchi iliyokuwa imepigwa na njaa kali. Tabor akasimama upande wa wenye migodi na kusaidia kukusanya raia wenye silaha. Gavana akatangaza utawala wa kijeshi, mgomo ukafa ndani ya wiki chache na ile dola moja haikupatikana. Mtu aliyeanzia kwenye mkopo wa dola 17 aliowapa watu wasiojuana naye! Siku ile alikuwa na moyo gani, na huu wa 1880 aliutoa wapi?

Pesa ikaingia hadi nyumbani. Augusta alizoea kubana matumizi, Tabor anataka kutanua. Akampata Elizabeth Doe, binti mrembo aliyekuwa ameachana na mumewe, wachimbaji wakimwita Baby Doe. Januari 1883 Augusta akatoa talaka huku moyo haujakubali. Mwezi huohuo Tabor akapelekwa Washington kuwa seneta, kuziba nafasi iliyobaki siku 30 tu. Siku 30, wadau. Akazitumia vizuri kwa upande wake, Machi 1 akafunga ndoa na Baby Doe hotelini, Rais Chester Arthur akiwa mgeni. Wake za wakubwa waligoma kuja.

Sasa tuje kwenye anguko. Sisi kwa Kiswahili fedha ni madini na fedha ni hela, neno moja. Tabor naye aliishi kama vile ni kitu kimoja. Lakini bei ya madini yale ilikuwa imeegemea mkono wa serikali. Kwa sheria ya 1890, serikali ya Marekani ilitakiwa kununua wakia milioni 4.5 za fedha kila mwezi. Juni 1893 India ikafunga milango ya kupiga sarafu za fedha kwa kila anayeleta madini yake. Ndiyo hiyo rupia iliyokuwa ikitumika hata Zanzibar na Mombasa wakati ule. Bei ikaporomoka, benki za Denver zikafunga, na Novemba Bunge la Marekani likaifuta sheria ya ununuzi. Tabor alikuwa na madeni na rehani kila kona. Vikaenda majumba, likaenda jumba lake kubwa la opera la Denver. Mwaka 1898 marafiki wakamtafutia kazi ya ukuu wa posta Denver, yaani mzee kwenye barua tena. Akafariki Aprili 10, 1899 kwa ugonjwa wa kidole tumbo.

Augusta alifariki 1895 akiwa tajiri. Ile tabia ya kuhesabu senti haikumwacha.

Baby Doe alirudi Leadville, akaishi kwenye kibanda cha mbao pembeni ya Matchless, miguu kaifunga magunia badala ya viatu. Mtasoma sehemu nyingi kwamba Tabor akiwa kitandani alimwagiza asiuachie mgodi ule. Msiimeze hiyo. Wanahistoria hawajaona ushahidi wake, na ilisambazwa na vitabu vya baadaye. Mimi naona mama alibaki kwa sababu zake mwenyewe. Machi 1935 alikutwa amekufa humo kwa baridi, akiwa na miaka 80.

Leadville sasa ina watu kama 2,600. Jumba la opera bado lipo, manispaa ililinunua mwaka 2016, na kibanda cha Baby Doe ni makumbusho. Mgodi mkubwa wa jirani wa Climax ulipopunguza maelfu ya watu mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji ukabuni mbio za kilomita 160 milimani, tangu 1983. Na kwenye makaburi ya Evergreen kuna watu zaidi ya 1,300, wengi wao Wairishi, waliozikwa sehemu ya maskini bila hata jiwe lenye jina. Mwaka 2023 ndipo mnara wa kuwakumbuka ukazinduliwa, majina yao yakaandikwa. Wengi walikufa vijana wa rika letu hili.

Haya wadau, uwanja wenu. Kati ya Augusta na Baby Doe, nani alimpenda Tabor kweli? Matusi hapana.