Janusz Korczak na Mahakama ya Watoto

Henryk Goldszmit, ajulikanaye zaidi kwa jina lake la uandishi, Janusz Korczak, alizaliwa Warsaw, Poland. Alisomea udaktari, akatibu watoto hospitalini. Mwaka 1912, akishirikiana na Stefania Wilczyńska, alianza kuongoza nyumba ya yatima wa Kiyahudi mjini humo.

Watoto wengi walitoka katika ufukara. Wizi na ugomvi havikukosekana. Korczak hakutegemea fimbo, wala hakukimbilia kufukuza. Aliunda mahakama ambayo waamuzi wake walikuwa watoto, waliopatikana kwa kura miongoni mwa wale wasio na kesi wiki ile. Aliyekosewa, hata akiwa mdogo kuliko wote, aliweza kushitaki na kusikilizwa. Vifungu 99 vya kwanza vya sheria zao vilimwachilia au kumsamehe mshitakiwa, ili apate nafasi ya kujirekebisha. Kufukuzwa kuliwekwa mwisho kabisa, katika kifungu cha 1,000. Korczak mwenyewe alishitakiwa zaidi ya mara moja, akakubali kuhukumiwa.

Agosti 1942 Wanazi waliwapeleka watoto wake, wapatao 200, katika kambi ya mauaji ya Treblinka. Korczak alikataa kuokolewa peke yake, akafa pamoja nao.

Mwalimu atakayeletewa mtoto mkorofi hana budi kujiuliza: je, nimekwisha kuvipitia vile vifungu 99, hata nikafikiria kile cha 1,000?