Storey: Mtafiti wa Amani aliyewaachia wakulima mbegu ya kupambana na michirizi

MKULIMA wa Kisarawe anaweza kulitazama shamba lake la muhogo likiwa la kijani, akapanga bei na mnunuzi, kisha siku ya kung'oa akakuta mizizi imeoza kwa ndani, mikavu na ya kahawia. Hasara hiyo huletwa na michirizi ya kahawia, ugonjwa unaosumbua pia mashamba ya Kibaha na ukanda wote wa Pwani.

Historia ya ugonjwa huo haiandikwi bila kumtaja Harold Haydon Storey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1969.

Storey alianza kujijengea jina Afrika Kusini katika miaka ya 1920. Huko aligundua kwamba milia ya mahindi haienezwi na upepo wala udongo, bali na mdudu mdogo arukaye anayefyonza utomvu wa majani.

Mwaka 1928 alihamia kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki, Tanga. Hapo mwaka 1932 alionyesha kwamba si kila mdudu wa aina hiyo anaweza kueneza milia, na kwamba uwezo huo hurithiwa. Mwaka uliofuata alionyesha kuwa mdudu asiyeweza, akitobolewa utumbo kwa sindano nyembamba, huanza kueneza ugonjwa. Wanasayansi wa nchi nyingi walivutiwa, na mwaka 1946 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza.

Hata hivyo, kwa mkulima wa muhogo kazi kubwa zaidi ni ripoti fupi aliyoitoa mwaka 1936 katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Humo aliutenganisha ugonjwa wa michirizi na batobato, akaeleza dalili zake na kwamba husafiri ndani ya pingili za kupandia.

Thamani ya andiko la kisayansi hupimwa kwa idadi ya watafiti wanaolirejea katika kazi zao. Kwa kipimo hicho, ripoti ile haijazeeka. Kirusi cha michirizi kilitambuliwa mwaka 2001, na mwaka 2005 ikathibitishwa kwamba nzi weupe hukieneza. Karibu kila andiko kuhusu ugonjwa huo huanzia kwa Storey na mwaka 1936.

Storey hakuishia kwenye karatasi. Yeye na mwenzake Nichols, na baadaye Jennings, walitafuta muhogo unaostahimili magonjwa. Aina za kawaida hazikutosha, hivyo walichanganya muhogo na mti wa mpira, ule ule ambao watu wa Pwani huchuma majani yake kwa kisamvu. Watoto wa kwanza walikuwa wagumu lakini mizizi yao haikufaa. Ilibidi kuwarudisha kwa muhogo mara tatu, kizazi hadi kizazi, ili mizizi iwe ya kuliwa.

Mmoja wa uzao huo ni Namikonga, ambao Kenya huitwa Kaleso, na bado hutumiwa na watafiti kama mzazi wa mbegu zinazostahimili michirizi. Aidha, katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria. Kutokana nazo ilipatikana baadaye aina ya TMS 30572, ambayo ilisaidia kuurejesha muhogo Uganda baada ya batobato kali kuuangamiza katika miaka ya 1990.

Utafiti ulihamishiwa Muguga, Kenya, na Storey alihama nao. Amani ilibaki kimya, lakini kazi yake haikusimama. Kituo cha utafiti Kibaha, kinachojulikana zaidi kwa miwa, kimekuwa pia kikishughulikia muhogo. Aina ya Kiroba imepata umaarufu Pwani kwa sababu mizizi yake huhimili michirizi, ingawa majani yanaweza kuonyesha dalili.

Vita hivyo havijaisha. Tangu mwaka 2004 michirizi imeonekana Uganda na kuzunguka Ziwa Victoria, mbali na Pwani. Kwa mkulima, somo la mwaka 1936 ni lile lile: pingili nzuri kwa macho si lazima iwe salama. Achukue mbegu kwenye shamba ambalo mizizi yake imekatwa na kukaguliwa, na mashina yenye dalili ang'oe, asimpe jirani.