Abebe Bikila: Askari aliyeishinda kwanza hofu ya umbali

YEYOTE aliyewahi kuanza mazoezi ya kukimbia, iwe katika vilima vya Mugoma wilayani Ngara au kando ya barabara za lami za Dar es Salaam, anaijua hali hii. Miguu bado ina nguvu na pumzi bado ipo, lakini kichwa kimekwisha kuanza kuhesabu kilomita zilizobaki na kumshawishi mwenye nacho arudi nyumbani. Wengi hurudi. Mwili haujashindwa, umbali umewatisha kabla hawajaufikia.

Kwa jambo hilo, maisha ya Abebe Bikila wa Ethiopia yanastahili kutazamwa upya, ingawa ni zaidi ya nusu karne tangu afariki dunia. Wapenzi wa michezo humkumbuka kwa nyayo zake tupu. Mwandishi wa makala haya anaona kuwa nyayo hizo zimepewa sifa nyingi mno, na utulivu wa akili yake umepewa sifa chache mno.

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, katika familia ya wafugaji. Utotoni alichunga mifugo na kucheza gena, mchezo wa Kihabeshi unaofanana na magongo, ambao magoli yake wakati mwingine huwekwa mbali kwa kilomita kadhaa. Mtoto aliyekulia katika mchezo wa namna hiyo hafundishwi kwamba kilomita tano ni nyingi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 alikwenda Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Ulinzi wa Mfalme Haile Selassie.

Hapo ndipo alipokutana na Onni Niskanen, Msweden mwenye asili ya Finland aliyekuwa akiwafundisha wanajeshi wa Ethiopia mazoezi ya viungo. Bikila hakuwa kijana mdogo. Alikuwa na miaka 24 aliposhika nafasi ya pili nyuma ya askari mwenzake, Wami Biratu, katika mashindano ya majeshi ya mwaka 1956. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia Julai 1960 mjini Addis Ababa, akiwa anakaribia miaka 28, akashinda. Mwezi mmoja baadaye alikimbia ya pili papo hapo na kumaliza kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Muda huo ulikuwa bora kuliko rekodi ya Olimpiki ya Emil Zatopek, tena katika mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi.

Kwa hiyo mtu aliyesimama kwenye mstari wa kuanzia mjini Rome, jioni ya Septemba 10, 1960, alikuwa bado mgeni wa umbali ule. Ile ilikuwa marathoni ya tatu katika maisha yake. Viatu vipya alivyovijaribu vilimuumiza, naye alikuwa amezoea mazoezi ya peku, hivyo yeye na kocha wake wakaamua aende bila viatu.

Niskanen alikuwa amemtajia mpinzani wa kuogopwa, Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, na kumweleza kuwa atavaa namba 26. Lakini Rhadi alijitokeza akiwa na namba 185 kifuani, na Bikila hakuwa na habari. Kilomita baada ya kilomita alikuwa akiangaza mbele kumtafuta mwenye namba 26, huku Rhadi yuko ubavuni pake, bega kwa bega. Ilipofika kilomita ya 20 hivi, wawili hao walikuwa wamewaacha wengine wote.

Hapa inafaa kutua kidogo. Hofu ya Bikila ilikuwa imefungwa kwenye namba, na namba ile haikuonekana. Mtu aliyepaswa kumtisha alikuwa jirani tu wa safari. Hatuwezi kujua mambo yangekuwaje kama angemtambua mapema, lakini kila anayeanza mbio ndefu anafahamu jinsi jina la mpinzani, au tarakimu ya kilomita iliyoandikwa kwenye kibao, inavyoweza kuwa nzito kuliko mbio zenyewe.

Jambo la pili lilipangwa kabla. Bikila na Niskanen walikuwa wameikagua njia wakaona kwamba karibu na mwisho ilipita penye nguzo ndefu ya jiwe ya Axum, ambayo majeshi ya Italia yaliichukua Ethiopia wakati wa uvamizi wa miaka ya 1930. (Nguzo hiyo ilirejeshwa kwao mwaka 2005.) Wakakubaliana kuwa hapo ndipo pa kuongeza kasi. Bikila, basi, hakuwa na kilomita 42 kichwani. Alikuwa na nguzo moja, na kabla ya kuifikia wajibu wake ulikuwa kukaa na kasi ya wenzake. Giza lilikuwa limeingia na wanajeshi wa Italia walisimama kando ya njia wakishika mienge. Alipofyatuka, Rhadi hakuweza kumfuata. Bikila alifika kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, sekunde 25 mbele ya Mmorocco huyo, na muda huo ulikuwa bora kuliko wowote uliopata kurekodiwa duniani. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Wataalamu wamelijadili suala hili kwa muda mrefu. Profesa Tim Noakes wa Afrika Kusini alipendekeza kuwa uchovu hutawaliwa na ubongo, ambao huuamuru mwili kupunguza mwendo mapema ili kuukinga na madhara. Si wanasayansi wote wanaokubaliana naye, na ni kweli pia kwamba baada ya kilomita 30 hivi akiba ya sukari mwilini hupungua sana. Lakini anayeanza, ambaye hukata tamaa kwenye kilomita ya tatu, hajafika kwenye ukuta huo. Mara nyingi ameanza kwa kasi isiyo yake, au anaukimbia umbali wote kichwani kwa mkupuo mmoja. Akipunguza mwendo hadi aweze kuzungumza, kisha akachagua mti au daraja la kufikia kabla ya kufikiri zaidi, hugundua kuwa ile sauti ya kurudi hunyamaza.

Bikila alikutana na mtihani mwingine mwaka 1964. Septemba 16 alipasuliwa kidole tumbo. Oktoba 21, siku 35 baadaye, alikuwa Tokyo. Safari hii alivaa viatu. Alishinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, zaidi ya dakika nne mbele ya Mwingereza Basil Heatley, kisha akalala kwenye nyasi za uwanja na kunyoosha viungo kana kwamba ndiyo kwanza anaanza. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mexico, mwaka 1968, mambo yaligeuka. Akiwa na jeraha la mguu, alitoka mbioni baada ya kilomita 17 hivi, na mwenzake Mamo Wolde akachukua dhahabu. Ni katika mbio hizo hizo ambapo Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti, lakini akaendelea hadi uwanjani, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Wasomaji wa hapa nchini humtukuza Akhwari, na ni haki yake. Tusimhesabie Bikila aibu, hata hivyo. Kusimama mfupa unapouma si sawa na kusimama kwa sababu ya woga, na mkimbiaji mgeni hana budi kujifunza kutofautisha mambo hayo mawili.

Machi 1969 gari lake lilipata ajali. Alitibiwa kwa miezi kadhaa Stoke Mandeville, Uingereza, lakini hakutembea tena. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu alishindana katika kulenga shabaha kwa upinde na katika mpira wa meza, na mwaka 1971 alikwenda Norway kushiriki mbio za kigari cha thelujini, kitu ambacho Shewa hakijulikani.

Mwaka 1972 alialikwa Munich kama mgeni wa heshima, na umati ukasimama kumshangilia. Mmarekani Frank Shorter, baada ya kupokea medali yake ya dhahabu ya marathoni, alimwendea pale alipokaa akampa mkono. Bikila alifariki dunia Oktoba 25, 1973, kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 41, akazikwa Addis Ababa huku Mfalme Haile Selassie akiwa miongoni mwa waombolezaji.