Mwalimu Nyerere na hesabu ya hatua za mkulima

HAYATI Mwalimu Julius Kambarage Nyerere anafahamika zaidi kwa kuongoza harakati za uhuru. Lakini kwa mkulima wa mpunga na mwenye duka wa Majimoto, mkoani Katavi, ipo kazi yake nyingine inayowagusa: kupanga makazi ambayo shule, zahanati, kisima na duka vinafikiwa kwa miguu.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Alianza shule mjini Musoma, mbali na nyumbani, akiwa na miaka 12. Baadaye alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha, na mwaka 1954 akaongoza kuundwa kwa TANU.

Alipokuwa Rais mwaka 1962, alianza mapema kuhimiza wananchi wakae pamoja vijijini. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi. Kaya zilizotawanyika ni ghali kuzifikishia maji, mwalimu, mganga na bwana shamba.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vya ujamaa vilikuwa sera ya nchi. Mwaka huo huo alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio hilo.

Mwanzoni kuhamia kijijini kulikuwa kwa hiari. Novemba 1973 alitoa agizo kuwa hadi mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wanaishi vijijini. Mamilioni walihama, wengine kwa nguvu, na baadhi ya nyumba zilibomolewa.

Faida ilionekana. Shule na zahanati zilisogea karibu na watu. Hata hivyo, sehemu nyingi nyumba zilipangwa kando ya barabara bila kupima umbali wa mashamba.

Hasara yake inahesabika. Shamba likiwa kilometa tano kutoka nyumbani, kwenda na kurudi ni mwendo wa saa mbili. Kwa siku 20 za kazi, mkulima hupoteza saa 40, sawa na siku tano za jembe. Bado hajalipia kusomba magunia wala kulinda mazao dhidi ya wanyama.

Wafanyabiashara nao waliumia. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa ili kupisha maduka ya ushirika. Sehemu nyingine bidhaa ziliadimika, na mpango huo ukasitishwa.

Mawazo hayo hayo yaliingia katika ramani ya makao makuu mapya, Dodoma, ya mwaka 1976. Ilikusudia mitaa yenye huduma za kufikiwa kwa miguu, ikiunganishwa na mabasi.

Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London Oktoba 14, 1999.

Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inayoipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Hapo ndipo mkulima anapaswa kuuliza soko, mashine ya kukoboa na kisima vitakaa wapi, na jaruba lake litakuwa mwendo wa dakika ngapi. Ramani ikishapitishwa na nyumba zikajengwa, kuhamisha ni gharama.