John Wesley: Deni Lililozaa Ushirika

Wapendwa, mwaka 1742 jamii ya John Wesley kule Bristol, Uingereza, ilikuwa na deni la nyumba ya ibada. Nahodha mmoja akapendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Na maskini je? Akaomba apewe 11 walio maskini kabisa. Atawatembelea kila wiki, na asiye na kitu atamlipia yeye mwenyewe.

Basi wakagawanywa vikundi vya watu kama 12. Viongozi walienda kutafuta peni, wakakuta mambo mengine kabisa: huyu amelewa, yule anagombana na mkewe. Wesley akaona hii si hesabu tena, ni uchungaji. Alikuwa anahubiria maelfu uwanjani, lakini alijua mahubiri peke yake hayamtunzi mtu. Vikundi vikaanza kukutana kila wiki. Alipofariki 1791, akiwa na miaka 87, aliacha washirika zaidi ya 70,000 Uingereza na Ireland.

Siku hizi sadaka inaingia kwa simu, hakuna anayebisha hodi. Jumapili tunajaa, lakini Jumatano nani anajua hali yako? Wiki hii, yule wa kikundi chako ambaye hajaonekana, mwendee. Usiende na risiti. Amina.