LIYONGO: ALIYEKATA MINYORORO KWA WIMBO

Mtu akisimama kwenye rasi ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, akaelekea baharini, mkono wake wa kushoto ataiona Ghuba ya Ungwana ikijipinda mpaka macho yashindwe. Wageni wajapo hapa huonyeshwa mashamba ya chumvi, na majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano waliyasimika majini miaka ya 1960 ili kurushia vyombo vya angani. Ni mambo ya kutazamwa, hapana shaka. Lakini mpenzi wa nyimbo atapenda kutazama mbali zaidi, ng'ambo ya ghuba, ambako Mto Tana huingia baharini. Huko ndiko ziliko Kipini, Ozi, Shaka na magofu ya Ungwana, na huko ndiko masimulizi yanakomweka Fumo Liyongo.

Watoto wetu wengi hukutana na Liyongo shuleni, nao hutoka na jambo moja tu: jitu lenye nguvu lililouawa kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Si kosa. Lakini ni kama kumkumbuka seremala hodari kwa urefu wa kimo chake. Liyongo alikuwa mtunzi na mwimbaji, na nyimbo zinazonasibishwa naye ni miongoni mwa nyimbo kongwe kabisa za Kiswahili tulizo nazo. Hata jina lake limebeba mambo mawili: fumo ni cheo cha watawala wa kaskazini, na fumo pia ni mkuki. Watu wameushika mkuki, wimbo wakauacha.

Wataalamu wamebishana sana juu ya zama zake. Wako wamrudishao nyuma kabla ya karne ya 13, na wako wamletao karibu hadi mwanzo wa karne ya 17. Tuwaachie wenyewe. Habari zake twazipata hasa katika utenzi alioutunga Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Kijuma mwenyewe alikuwa mshairi, mwandishi wa hati, mchongaji wa mbao na mwimbaji, basi yafaa tumwamini anapoeleza mambo ya ngoma.

Masimulizi yasema Liyongo alikuwa mtoto wa kifalme, na kwamba mfalme wa Pate alimwogopa kwa kuwa watu walimpenda. Waoromo, ambao tenzi za kale huwaita Wagala, walimwoza binti yao ili wapate mbegu ya ushujaa wake, na mwana wa kiume akazaliwa. Mfalme akazidi kuingiwa na hofu. Kwanza wakafanya njama ya kikoa cha makoma: kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake aangushe matunda, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini, kikoa kikavunjika. Ndipo akashikwa, akatiwa minyororo, walinzi wakawekwa mlangoni, na shauri la kumuua likakatwa.

Hapa ndipo penye kisa chetu, nami nitakaa hapa kidogo.

Kila siku mamake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Chakula kizuri walikila walinzi, na kilicho duni ndicho kilichomfikia mfungwa. Liyongo akaliona hilo akalifanyia hesabu. Akatunga wimbo, akamwimbia Saada, naye akaupeleka kwa mama. Ndani ya wimbo mlikuwa na agizo: mama aoke mikate mizuri, na pamoja nayo mkate wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa atie tupa. Walinzi wakala mikate mizuri. Ule wa wishwa wakamsukumia Liyongo kwa dharau, na tupa ikaingia gerezani kwa mikono yao wenyewe.

Msomaji atauliza, kwa nini wimbo? Kwa nini asimnong'oneze? Tufikiri kama mafundi. Mnong'ono mbele ya mlinzi ni tuhuma, lakini mfungwa anayeimba ni mtu anayejiliwaza tu, na hakuna amkatazaye. Tena Saada hakuwa na karatasi. Maneno matupu njiani humwagika, mtu akafika na nusu. Wimbo una mizani na vina, na neno likidondoka, sikio lenyewe hudai lirudi mahali pake. Wimbo huo ulikuwa mfupi, wa kushikwa kwa kusikilizwa mara chache. Aliyeutunga alijua mjumbe wake ni nani, ana muda gani, na nani mwingine anasikiliza. Watunzi wengi wa leo hawajiulizi hata moja katika hayo matatu.

Siku za mwisho zilipokaribia akaulizwa ana haja gani kabla ya kufa. Akaomba apigiwe gungu.

Gungu ilikuwa ngoma ya heshima ya waungwana wa Lamu, Pate na Siu, hasa katika arusi. Yalipigwa matoazi na tasa, pembe zikalizwa, na waimbaji wakafungiana mafumbo: huyu afumbe, yule afumbue. Liyongo akawafundisha watu nyimbo na mapigo kutoka ndani ya kifungo chake. Usiku wa ngoma, vyombo vilipovuma, yeye alikuwa akikata minyororo kwa tupa. Vyombo viliponyamaza naye akanyamazisha tupa akaimba, ili walinzi waisikie sauti yake na watulie. Vikivuma tena, akarudi kazini. Kabla ya ngoma kwisha alikuwa huru, akatoka, na umati ukatawanyika kwa hofu.

Wengi husimulia kisa hiki kama hila ya mateka. Mimi nakiona pia kama somo la utungaji. Ilimpasa atunge wimbo wenye kishindo kirefu cha kumeza sauti ya chuma juu ya chuma, na vituo ambavyo sauti ya mtu mmoja itasikika peke yake; kisha auweke mpango huo vichwani mwa watu wasiojua ni wa nini. Ngoma ikikosea kituo kimoja, kichwa chake kinaondoka. Sijasikia habari ya kiongozi wa ngoma aliyefanya mazoezi yenye thamani kama hiyo.

Nyimbo zilizobaki kwa jina lake si za vita peke yake. Ziko za kuusifu uta, za mapenzi, za dhiki, na za kuisifu gungu yenyewe. Nyingi huitwa tumbuizo. Utumbuizo haukatwi kwa beti kama shairi. Mishororo hufuatana, na urefu wake huitii sauti ya mwimbaji. Ndiyo maana asomaye kimya kimya huona kama mizani imeyumba. Hazikuandikwa zisomwe.

Jinsi zilivyotufikia nako ni kazi ya mikono mingi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, yule anasibishwaye na Al-Inkishafi, alizichukua beti za Liyongo akaziongezea mishororo mitatu mitatu zikawa takhmisi. Takhmisi hiyo Edward Steere aliichapa London mwaka 1870. Mwaka 2004 zikatoka nyimbo nyingi pamoja katika kitabu kimoja huko Ujerumani, na waliokaa kuzichambua ni pamoja na Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, Abdilatif Abdalla, na Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Mombasa. Huyu wa mwisho ndiye aliyemtungia Juma Bhalo nyimbo nyingi za taarab. Basi aliyecheza arusini Malindi kwa nyimbo za Bhalo, zile zisemazo na mtu mmoja mbele ya watu mia, asidhani mchezo huo ulianza na santuri.

Ama mwisho wa Liyongo, walionunuliwa hawakuwa maadui. Mfalme alimtumia mwanawe wa kumzaa, kwa ahadi ya cheo na mke, akamuuliza babake siri ya kifo chake. Liyongo alihisi, lakini hakumnyima. Akachomwa sindano usingizini. Akaamka, akashika uta, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale ukiwa tayari, akafa hivyo hivyo. Mji mzima ukashinda siku kadhaa bila maji, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkaribia.

Ndipo akaitwa mamake, yule aliyeufahamu wimbo wa tupa. Akasimama mbali, akambembeleza mwanawe atulize hasira, siku baada ya siku, akidhani anasikia. Mwili ukaanguka. Wakamzika Ozi.